Kisanduku cha Kijivu

Priska wa Nanyala hakuogopa nyoka wala radi. Aliogopa mtu kuigusa kompyuta iliyokuwa mezani kwake. Cheka tu, lakini ungekuwa wewe ungelala umeikumbatia.

Binti yake, Angel, alifika umri wa kuanza shule bila kutamka hata "mama". Siku moja akabonyeza picha ya kuku kwenye mchezo wa kujifunzia. Kuku akaruka, sauti ikasema, "Kuku!" Angel akaitikia, "Kuku." Priska alilia mpaka kanga ikalowa. Tangu hapo mtoto akawa anasema na kompyuta tu: kuku, maji, mvua. Binadamu hakuwajibu.

Kumbe mchezo ule uliendeshwa na Flash, kale kaprogramu ka ndani ya kivinjari, na waliokatengeneza walikuwa wameshakazika. Siku zake zilipokwisha, picha zikagoma. Fundi mmoja wa Tunduma akampa ujanja: rudisha tarehe ya kompyuta nyuma, na intaneti usiiunganishe kamwe. "Ikijisasisha tu, dada, imekula kwako." Priska akaishi roho mkononi. Umeme ukikatika, anaita jina la Bwana.

Msimu huu wa kuchuma kahawa akaenda shamba, akamwacha Angel na shemeji yake Ezron, mtu mwema, ila mikono yake haitulii. Aliporudi alimkuta Ezron anatabasamu.

"Shemeji, kompyuta yako ilikuwa imesahau mwaka! Nimeiweka sawa, nikaiunganisha na simu yangu, imejisasisha yote."

Priska akakimbilia mezani. Pale alipokaa kuku palikuwa na kisanduku cha kijivu, na Angel alikuwa anakibonyeza. Anabonyeza, anasikiliza. Anabonyeza tena. Jamani, kimya kile Priska alikijua.

Mtoto akageuka, akanyoosha kidole, akambonyeza mama yake kifuani.

Priska akaruka. "Kuku!"

"Kuku," akasema Angel, akambonyeza tena.

Siku hizi majirani wanamcheka anavyorukaruka uani. Waache wacheke. Angel habonyezi mtu mwingine, hata mama yake mkubwa Jenista alijaribu kuruka, akaambulia patupu. Juzi katikati ya kuruka pumzi zilimkatika Priska, akaanguka chini, mdomo wazi, sauti haitoki. Angel akachuchumaa kando yake. Akambonyeza, akasikiliza. Akambonyeza tena.