Siku Kumi na Moja za Hela ya Wajina

Kaka yangu alining'oa jino la mbele kwa sababu ya meseji ya benki. Naanza hapo makusudi. Nikianza na benki mtadhani hii ni habari ya uaminifu, na watu wameshanisifu vya kutosha kwa uaminifu ambao sikuwa nao.

Wakati ule dhahabu ilikuwa imewavuruga watu akili pande zote mbili za mto Mara. Vijana walichomana visu kwa mfuko mmoja wa mawe ambao hakuna aliyejua kama una kitu ndani. Jirani yangu aliletwa kwake juu ya mlango uliong'olewa, kichwa kimepasuliwa kwa nyundo, na aliyempasua alikuwa mwenzake wa shimo moja. Mimi sikuingia shimoni. Nilikuwa na mashine ya kusaga huku Busawe, na nilijiona mwerevu kuliko wote, maana niliamua kutegesha.

Kutegesha ni hivi: ukisikia mgodi unataka kupanua eneo lake, unakimbia kujenga kabla wathamini hawajafika, ili ulipwe fidia. Mjomba wangu alikuwa na shamba jirani na mgodi, akanikatia kipande. Nikasimamisha vyumba vitatu kwa siku nne, kuta za tope bichi, bati jepesi, sakafu hakuna. Ungeegemea ukuta, ungeanguka nao. Mthamini akapiga picha, akaandika milioni mbili na nusu.

Siku ya kusaini fomu waliita majina matatu, langu, la baba na la babu, tukasimama watu wawili. Kwetu majina ya kiume ni machache na yanazunguka, wajukuu wanachukua ya babu zao, kwa hiyo hilo halikumshangaza mtu. Wajina wangu alikuwa mzee wa kama miaka sitini, mrefu, hajui kusoma. Yeye hakutegesha. Alikuwa na nyumba ya kweli, zizi, migomba, na makaburi ya wazazi wake wote wawili ambayo ilibidi yafukuliwe. Mkewe, aliyekuwa mdogo kwake sana, ndiye aliyemsomea fomu na kumwonyesha pa kuweka dole gumba. Aliponitazama akacheka, akaniita mume wake mdogo, kama ilivyo utani wa kwetu kwa mtu mwenye jina la mumeo. Nikamwambia basi aniandalie chakula. Akasema siku fidia ikitoka nitakula mpaka nishindwe kuinuka.

Miezi ikapita. Asubuhi moja simu ikalia nikiwa nimeshika debe la mahindi la mteja. Milioni thelathini na nane zilikuwa zimeingia kwenye akaunti yangu.

Nilijua. Nataka hilo lieleweke, maana nimewahi kusimulia habari hii huku nikijifanya sikujua. Kabla sijaweka debe chini nilishajua ni za nani na nilishaiona sura yake. Halafu nikajiambia labda wamepandisha thamani ya vyumba vyangu. Vyumba vyenyewe mvua ilikuwa imeshaangusha viwili.

Cha kufanya si siri. Hela usiyoijua ikiingia, usitoe hata mia. Usimwambie ndugu. Panda gari siku hiyohiyo uende benki, andika barua kwamba hela si yako, hakikisha nakala yako imegongwa muhuri, uondoke nayo. Ni kazi ya asubuhi moja. Mimi nilifanya yote hayo, ila nilianza siku ya kumi na moja, na la kumwambia ndugu nililivunja siku ya pili.

Kaka yangu hakuuliza zimetoka wapi. Alikwenda Kisaka, akachagua ng'ombe ishirini na wanne kwa mtu, akampa neno lake kwamba atalipa ndani ya siku tatu. Neno la kaka yangu mbele ya mwenye ng'ombe lilikuwa zito kuliko kiapo cha mahakamani. Siku ya tano akaja mashineni na fimbo yake.

"Mura, kijana wewe, hela iko wapi?"

"Iko benki."

"Inafanya nini huko?"

"Si yangu. Ni ya yule mzee tuliyeitwa naye."

"Mzee ana jina lake, na wewe una jina lako. Benki imeita lako."

"Benki imekosea."

"Basi ikosee. Mimi nimeshasema mbele za watu. Unataka nionekane mwongo?"

Nikamwambia aende akamwambie mwenye ng'ombe kwamba ni mwongo kweli. Fimbo ilinipata mdomoni kabla sijafunga kinywa. Nilianguka juu ya magunia, nikatema jino, na hasira ikanipanda mpaka nikawa sioni. Nilikamata spana kubwa ya mashine nikampiga begani, nikasikia mfupa. Akapiga magoti. Nikampiga tena mgongoni akiwa amepiga magoti, na hilo la pili ndilo linalonirudia, kwa sababu la kwanza nilikuwa najitetea. Wanawake waliokuja kusaga walikimbia wakaacha ndoo zao. Shemeji yangu, mke wa kaka, alikuja mbio akamfunga mkono kwa kanga, akanitemea mate miguuni, akamwondoa.

Mngetegemea kwamba mtu aliyepoteza jino kwa ajili ya hela ya mwenzake angeipeleka kesho yake. Sikuipeleka. Niliona nimeshailipia. Nilikaa na mdomo uliovimba, kila jioni nafungua ile meseji naisoma, na kila siku nikapata sababu: leo mashine ina kazi, kesho ni siku ya mnada, keshokutwa mdomo utakuwa umepona nisionekane mhuni mbele ya watu wa benki. Nilikuwa najidanganya nikiwa na akili zangu timamu.

Siku ya kumi alikuja mama mmoja aliyekuwa ametoka kuwatembelea ndugu zake upande wa mgodini. Wakati mahindi yake yanasagika, akaanza kuongea kwa kelele ili ashinde ngurumo za mashine.

"Huko kuna mzee amemkata mkewe na panga. Eti kala hela ya fidia."

"Mzee gani?"

Akataja majina yangu matatu, moja baada ya jingine. Kisha akashtuka, akacheka kidogo. "Kumbe ni majina yako."

Nikazima mashine. Alinieleza yote. Yule mzee alisikia wenzake wamelipwa, akaenda benki kuuliza. Wakatazama orodha, wakamwambia hela yake ilishalipwa zamani, imeshaingia kwenye akaunti. Alipotaka kutoa, akaambiwa akaunti haina kitu. Kwa mtu asiyejua kusoma, hesabu ilikuwa moja tu: kadi alikuwa nayo mkewe, namba ya siri aliijua mkewe, na kaka za mkewe wana duka jipya kule Sirari, karibu na mpaka. Alirudi nyumbani, akachukua panga. Alimkuta anachambua mboga. Mke aliinua mkono kukinga kichwa.

"Amekufa?" nikauliza.

"Yuko hospitali. Mkono ndio sijui."

Nilimrudishia unga wake na sikuchukua hela ya kusaga. Nilitaka kwenda kumkata yule mzee mimi mwenyewe, kisha nikakumbuka alimkata kwa sababu ya nani.

Asubuhi nilikuwa mjini, Bomani, kabla benki haijafungua. Dada wa dirishani alikuwa mgeni, amehamishwa kutoka kusini. Aliponiambia ni yeye aliyetafuta majina kwenye kompyuta, akaona yangu, akaingiza bila kulinganisha namba, niligonga kioo kwa ngumi mpaka kikapasuka na mlinzi akanishika shingo. Nilimwita yule dada majina ambayo siwezi kuyaandika. Alilia. Nilimfokea kwa kosa la dakika moja, mimi mwenye kosa la siku kumi na moja, na alipokuwa analia nilijisikia nafuu.

Meneja alinitoa mikononi mwa mlinzi, akaniingiza ofisini. Niliandika barua, nikasaini wairudishe hela yote, nakala ikagongwa muhuri. Kioo akasema nisiwaze. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mzee, watu kama wewe mmebaki wachache."

Hakuna aliyeniuliza meseji niliipata lini.

Wajina wangu alilala rumande siku chache. Hela ilipojulikana ilipo, wazee wa pande mbili wakakaa, wakamtoza ng'ombe apeleke kwa wakwe zake, na mkewe akarudi kwa watoto wake. Akapata fidia yake, akajenga mbali na mgodi, akahamisha mifupa ya wazazi wake. Kisha akaniita nije nile. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu akamtuma mtu na nauli, nikaona aibu.

Alichinja beberu. Alisimama mbele ya majirani akasema mimi ndiye niliyemrudishia nyumba yake, na kwamba wajina wa mtu ni damu yake. Akanipa dume la ng'ombe limefungwa kamba mpya. Watu wakapiga makofi. Nililishika lile dume kwa kamba, nikatamani linipige pembe.

Nilikwenda jikoni kumsalimu mkewe. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga, anasonga ugali wa watu wengi. Mkono wa kushoto ulikuwa na kovu kutoka kwenye kiwiko mpaka karibu na kiganja, na vidole vilikuwa vimejikunja, havifunguki. Alikuwa ameibana sufuria kwa miguu miwili, na kwenye nyayo alikuwa na malengelenge ya moto, mengine yamepasuka.

"Karibu, mume wangu mdogo," akasema. Hakucheka safari hii. "Nilikuahidi chakula."

"Nimekuja."

Alisonga kidogo. "Nataka kukuuliza, maana wengine hawaulizi. Ulikaa nazo siku ngapi?"

Ningeweza kusema mbili. Angeniamini, au angenyamaza.

"Kumi na moja," nikasema.

Aliendelea na mwiko. Niliona midomo yake inahesabu.

"Mimi alinikata siku ya tisa."

Nje walikuwa wananiita nikapige picha na dume langu. Sufuria ikateleza kwenye figa, akaikamata kwa unyayo, akauma meno.

"Nishikie," akasema.

Nikapiga magoti, nikashika sufuria kwa mikono mitupu pande zote mbili. Iliniunguza, sikuiachia. Yeye hakufanya haraka. Alisonga ugali ule mpaka ukaiva.