Uso wa Bibi Waliousafisha

Picha ya bibi mzaa baba haikuwa fotografia. Ilichapwa kwa bamba la shaba na mwalimu mgeni wa misheni, ikatundikwa nyumbani Kaagya. Sikusomea sanaa. Niliazima kitabu cha uchapaji huo, nikakisoma kwa kamusi miezi kadhaa, kisha nikajaribu mwenyewe: kipande cha bati, nta ya nyuki, sindano, asidi ya betri ya gari. Ndipo nikaelewa. Sindano hukwangua nta tu. Asidi ndiyo inayokula chuma. Mstari ulioachwa ndani ya asidi muda mrefu huwa na kina, hushika wino mwingi, na mashine ikiikandamiza karatasi yenye unyevu, wino huo husimama juu yake kama mshono.

Chini ya macho ya bibi mistari ilikuwa mizito kuliko popote. Wiki aliyochorwa alikuwa amemzika binti yake. Kinywa amekifunga. Yule mwalimu hakumpamba. Alimwacha na ghadhabu yake. Sura yake nyingine hatuna.

Juzi, kwa ajili ya ibada ya kumbukumbu yake, binamu yangu, mtoto wa shangazi, aliipeleka studio mjini Bukoba bila kuniuliza. Nilipofika kwao Kibeta, bango lilikuwa limeshatundikwa: bibi ana mashavu laini, midomo ya rangi, anatabasamu.

"Umeona?" binamu akasema. "Tumempunguzia miaka arobaini!"

"Ya zamani iko wapi?"

Akanipa. Walikuwa wamekata kingo zake ili ienee kwenye fremu, wakaipitisha kwenye mashine ya moto na kuifungia ndani ya plastiki. Mistari yote imelala.

"Ili isiloane," alisema. "Halafu ilikuwa na michubuko mingi. Jamaa wa studio akaisafisha kwenye kompyuta."

"Michubuko? Huo ulikuwa uso wake!"

Shangazi alitoka jikoni, kisu cha kumenyea ndizi mkononi. "Waitu, tafadhali mwanangu, usitupigie kelele. Mama hajawahi kupendeza hivi."

"Hakuchorwa apendeze, shangazi. Alichorwa amemzika dada yako."

"Profesa wa bati ameanza," binamu akacheka.

Shangazi hakucheka. Alilitazama bango, akasema wageni wako njiani, tusiaibishane.

Nikaiweka picha ndani ya koti, nikaondoka kabla ya sala. Binamu anapiga simu kila siku akiidai. Hataipata.