Njahi za Bedan Mtu wa Gesi

Bedan Githinji alikuwa akiosha vyombo vya kioo katika maabara moja ya kupima kahawa kule Ruiru. Ndiyo kazi yake, na si kazi mbaya. Lakini ukimuuliza yeye mwenyewe, hapa kwetu Makongeni, atakuambia, "Mimi niko upande wa gesi."

Jioni alirudi na koti lake jeupe. Penye bomba la maji, ambapo sisi wanawake tulikuwa wengi, alipita polepole. Penye choo, ambapo hapakuwa na mtu, alipita mbio.

Jumapili moja baada ya kanisa alituita uani tuone maajabu. Alikuja na bika, ile glasi pana ya maabara, na chupa ya kioo yenye shingo ndefu. Akachemsha maji ndani ya chupa, akaitoa motoni, akaiziba kwa kizibo. Maji yakatulia. Kisha akachota maji baridi kwa bika akaimwagia ile chupa kwa nje, na ya ndani yakaanza kutokota upya.

"Mmeona? Baridi inachemsha maji!"

"Kwa nini, bwana Bedan?" akauliza Hassan, fundi viatu.

"Presha."

"Presha ni nini?"

"Ni kitu cha ndani."

Hassan akarudi kwa viatu vyake.

Mimi niliishia darasa la sita, na mwalimu wetu alitufunza mambo mawili juu ya mvuke: ukipoa hujikunja, na ukipata moto hutaka nafasi. Bedan alikuwa amekamata lile la kwanza tu.

Sasa mkewe, Nyawira, akajifungua mtoto wao wa kwanza. Kwetu mzazi hupikiwa njahi, yale maharagwe meusi yaletayo maziwa, na wanawake wa kwao huja na kuni na uji kumwona mtoto. Mama yake Nyawira, Wakonyo, alituma neno kutoka Theta: anakuja Jumamosi, na akikuta mwanawe halishwi vizuri, atarudi naye nyumbani amlee mwenyewe. Mwaka ule wa hamsini na nane, wakati wa hali ya hatari ya wakoloni, watu wa Theta hawakuingia mjini ovyo. Chifu alikuwa amewapa ruhusa mpaka saa kumi tu.

Njahi hupikwa kutwa nzima. Jumamosi nilifika alfajiri nizibandike, mwanangu Mumbi mgongoni, Bedan akaninyang'anya sufuria.

"Mama Mumbi, kuni za siku nzima kwa maharagwe? Huo ni ushamba. Mvuke wote unatoroka bure. Mimi nitaufunga, ziive kwa saa moja."

Basi tukangoja. Saa sita akavaa koti, ndani ya nyumba yake mwenyewe, akabandika njahi. Akafunika, akaziba ukingo wote kwa unga uliokandwa, akafunga kifuniko kwa waya, akaweka jiwe juu. Nyawira alikuwa amekaa kitandani, mtoto akivuta titi na kulia, akivuta na kulia. Tangu asubuhi alikuwa amekunywa chai tu.

Wanawake wa Theta wakaingia uani na vigelegele, Wakonyo mbele na mzigo wa kuni. Akachungulia mlangoni.

"Ngai! Mkwe wangu, mwanamume anatafuta nini mekoni siku kama hii?"

"Hii si kupika, maitu," akamjibu mama mkwe wake. "Hii ni sayansi."

Wakati huo mvuke ulikuwa umepata mwanya kando ya kifuniko, unapiga mluzi. Sufuria ilikuwa imejitafutia pua.

"Iache ipumue," Wakonyo akasema.

"Hapo ndipo nguvu inapotoroka," Bedan akajibu, akakanda unga mwingine akaiziba ile pua. Mluzi ukanyamaza.

Nikamuuliza, "Bwana Bedan, kule maabara mkichemsha kitu kwa chupa iliyozibwa, hakuna tundu?"

"Kuna kamrija ka kioo kanapita katikati ya kizibo."

"Ka kazi gani?"

"Ka kunisumbua! Nakaosha kila siku na sijaona kazi yake."

Sikungoja zaidi. Nilimchukua kichanga nikamwambia Nyawira tukaote jua. Bedan alikuja nyuma yetu akasimama mlangoni, uso kwa wageni, mgongo kwa sufuria, akaanza kuwaeleza presha.

Sufuria ililia kama bunduki. Kifuniko kiligonga mabati, jiwe likaangukia kitanda. Tulipofumbua macho, Bedan alikuwa bado wima, kidole juu, mbele mweupe kama malaika. Akageuka kuangalia nyuma, na sisi tukaona mgongo: mchuzi mweusi kuanzia shingo mpaka chini, na njahi zimegandia. Hakuungua sana, koti lilimfaa kwa hilo. Na njahi zenyewe zilikuwa ngumu bado. Niliuma moja.

Hakuna aliyecheka mbele ya Wakonyo. "Mtoto wangu amekula nini leo?" akauliza.

"Chai, maitu," Nyawira akasema.

"Kosa ni la sufuria," Bedan akaanza. "Kama ingekuwa ya kioo..."

"Ingekuwa ya kioo tungekuwa tunakuokota vipande," Wakonyo akamkata.

Nyawira alimtazama mumewe. Mimi niliona jinsi alivyomtazama. Alitaka neno moja tu, hata pole. Bedan alikuwa amevua koti, analishika kwa vidole viwili.

"Jumatatu nitaenda kazini na nini?" akasema.

Nyawira akafunga kitambaa cha mtoto vizuri, akasimama kando ya mama yake.

"Na ruhusa ya chifu?" Bedan akauliza.

"Nilimwambia mapema huenda nikarudi na watu wawili zaidi," Wakonyo akasema. "Nilikuwa nakujua."

Kabla ya saa kumi walikuwa wameondoka, Nyawira anakunywa uji kutoka kibuyu huku anatembea. Bedan alibaki na ufagio, anachokoa njahi kwenye mabati.

Koti nililifua mara nyingi. Doa la njahi halitoki. Sasa, akirudi jioni nalo mgongoni, penye bomba anapita mbio. Polepole anapita penye choo.