Mfarishi wa Sweta za Idi

Mama anasema sikuuliza. Niliuliza! Dada Rehema alipotuletea hapa Nguvumali mfuko wa sweta laini za manyoya za mwanawe Idi, nilimwambia, "Dada, Idi kashakua, hizi za nini tena?" Akajibu, "Niwekee tu." Basi. Mtu anaishi Lushoto kwenye baridi, anakuja kuweka sweta Tanga kwenye joto hili! Mimi nikajua anaona haya kuzitupa.

Nikashika mkasi. Siku nne nimekata viraka, nimeunga, nimeshona, mpaka ukatoka mfarishi mzito, mwenyewe nikajisifu.

Jana Rehema kaja na mama mkwe wake. Sikungoja hata wamalize chai, nikaukunjua mbele yao. "Zawadi yako, dada!"

Rehema akatazama vile viraka, akashika kichwa. "We Mwanahawa! Na huyu wa tumboni atavaa nini?"

Mama mkwe akaweka kikombe chini. "Wa tumboni yupi, mwanangu?"

Kumbe mimba bado changa, dada alikuwa anaificha kwa kuogopa husuda. Sweta kazileta kwetu ili mkwewe asizione akaanza kuhoji. Sasa siri kaimwaga mwenyewe, kwa sababu yangu! Nilitamani kujifunika ule mfarishi gubigubi. Lakini yule bibi akapiga kigelegele mpaka majirani wakachungulia, na Rehema akacheka huku ananifinya.

Nimeshaamua. Kesho asubuhi naenda naye mitumbani kutafuta sweta za kichanga, na mkasi nauacha nyumbani.