Namba Moja ya Mzee Abdille

Kuna watu wanaosoma ili wajue, halafu kuna Ogle. Huyu Ogle wa Bula Iftin, hapa Garissa, alikuwa akiandika tasnifu ya shahada ya uzamili kuhusu biashara ya maziwa ya ngamia, na tangu aanze hakuna aliyepumua. Ukikutana naye sokoni, tasnifu. Msikitini, salamu haijapoa, tasnifu. Ukimuuliza imefika wapi, basi umejitakia mwenyewe: atakueleza kwamba mabano ya namba zake yalikuwa ya duara, na sasa ameyafanya ya mraba.

Mabano! Mtu mzima na ndevu zake!

Kuandika kama watu wengine aliona ni kazi ya makarani. Yeye alijipatia programu ya kupangia kurasa, ile unayoipa amri nayo inakupangia kitabu kizima. Kila alipotaja habari aliyopewa na mtu, programu yenyewe iliweka namba pale, moja, mbili, tatu, kwa kufuata nani katajwa kwanza, kisha ikaorodhesha majina yao mwisho wa kitabu kwa namba zile zile. Ukiona saba kwenye ukurasa, unakwenda mwisho kumtafuta wa saba. Mtoto wa darasa la nne angeelewa na kuiacha ifanye kazi yake. Ogle hakuiacha. Alizipaka namba rangi ya kijani. Akazinenepesha. Akazipandisha juu ya mstari, akazishusha, akazipandisha tena.

"Ogle, achana na mabano," alimwambia Daktari Kaltuma, mwalimu aliyemsimamia. "Sura ya nne iko wapi?"

"Inakuja, daktari. Lakini kijani umekiona?"

Sura ya nne ilikuja imekonda kama ng'ombe wa kiangazi. Namba zake, lakini, zilikuwa zinang'aa.

Sasa, Ogle alikuwa na haraka. Alimtaka Filsan, mwalimu wa shule ya msingi, na Filsan naye, sijui alimwonea wapi uzuri, alimtaka. Baba yake Filsan ni mzee Abdille, mwenye ngamia. Maziwa yake yaligombewa sokoni kwa sababu moja tu: hayakuwahi kutiwa maji, si kiangazi, si masika. Hilo ndilo lililokuwa jina lake mjini. Ogle alipomhoji kwa ajili ya tasnifu, mzee alimjibu kwa saa nzima bila kuchoka. Lakini kuhusu binti, hakusema ndiyo wala hapana. "Amalize kwanza hicho anachokiandika," alisema, "tumjue ni mtu wa namna gani."

Kumbe ndoa yote ilining'inia kwenye kitabu. Mwenye akili angekisoma mara tatu.

Ogle alikwenda kutazama orodha ya mwisho, roho ikamruka. Namba moja ilikuwa ya mchuuzi wa Habaswein, mwanamke aliyeomba jina lake lisitajwe. Mzee Abdille alikuwa chini huko, nyuma ya vijana wa bodaboda wanaobeba madumu ya maziwa! Hapa kwetu chai haimfikii kijana kabla ya mzee. Ukiingia kwa watu unaanza kumsalimu mkubwa. Ogle akaona programu haina adabu. Eti mchuuzi awe wa kwanza kwa kuwa katajwa kwanza? Akatafuta amri za kuilazimisha orodha ifuate umri na heshima, akazipata, akazipachika. Mzee Abdille akapanda juu kabisa, namba moja, kijani. Mchuuzi akasukumwa mkiani.

Orodha ilitii. Namba za ndani ya kitabu hazikuambiwa lolote, zikabaki zilipokuwa. Ogle hakwenda kuziangalia. Daktari Kaltuma alimwomba nakala aipitie kabla haijajalidiwa, naye akamjibu kwamba imeshakamilika, asijisumbue. Akaijalidi kwa jalada jeusi lenye maandishi ya dhahabu.

Siku ya posa, kwa desturi, kijana hukaa kwao na wazee wakamsemea. Huyu, kwa kiherehere chake, alimfuata ami yake mpaka kwenye mkeka wa mzee Abdille, kitabu kifuani.

"Adeer," alimwita mzee, kama mtu anavyomwita ami yake, kwa unyenyekevu wa kujionyesha, "wewe ndiye namba moja humu. Programu ilikuwa imekuweka nyuma ya watoto. Nikaikatalia. Namba hii nimeiweka mimi, kwa mkono wangu."

Mzee alifurahi, asitufiche. Kwa kuwa kitabu kilikuwa cha Kiingereza, akamwita Filsan aje kumsomea. Filsan akafungua mwisho, akalikuta jina la baba yake juu ya wote, akamtupia Ogle jicho la mapenzi. Ogle akavimba.

"Na kwenye hiyo namba moja nimesema nini?" mzee akauliza.

Filsan akarudi mwanzo, akaitafuta. Haikumpa taabu, ilikuwa ukurasa wa kwanza. Akasoma kimya. Uso ukamshuka.

"Soma, mama."

"Aabo..."

"Soma."

Akasoma, akifasiri kwa sauti ndogo: "Mfanyabiashara mmoja alikiri kwamba maziwa yakipungua huyaongezea maji ya kisima, na wateja hawajagundua. Moja."

Ami yake Ogle akaweka kikombe chini. Mzee Abdille akamgeukia Ogle. Jicho alilomtupia, afadhali angemtukana.

"Adeer, wallahi, huyo siye wewe!" Ogle akaropoka. "Huyo ni mchuuzi wa Habaswein! Ni programu, namba zimechanganyika..."

"Namba si umeziweka wewe?" mzee akasema. "Umetuambia sasa hivi."



Mzee akashusha pumzi. Ni mtu wa subira, na wazee wale wanajuana tangu ujana. Pengine angesema ni kosa la mashine, kitabu kikarekebishwe, watu wanywe chai. Alishaanza kunyoosha mkono kukichukua. Filsan hakumpa.

"Ogle," akasema, "ulikisoma kabla ya kukileta?"

Hapo angeweza kujiokoa. Angeinamisha kichwa, akasema hapana, nimekosa, basi. Lakini Ogle ni Ogle.

"Nilikagua namba zote," akasema, "moja baada ya nyingine. Rangi, unene, kila kitu."

Filsan akamtazama kama mtu aliyeamka. Akakifunga kitabu, akakiweka magotini mwa Ogle, taratibu, asikiharibu.

"Aabo," akasema, "waambie wageni wetu warudi salama."