Dakhiliya na Dakhalia

Kikombe cha kahawa ndicho nilichopaswa kukikataa siku ile, maana aibu yangu yote, jamani, ilianzia hapo. Khulud, mtoto wa marehemu kaka yangu, alikuwa akiomba ruzuku ya serikali ya Omani atafiti maradhi yanayoua mindimu. Yeye yuko shambani, mkoa wa Dakhiliya, mbali na Maskati, mimi mstaafu sina kazi, akanipigia simu: "Ami, wape faili, wakupe risiti, urudi. Usiseme kitu."

Nikafika ofisini Khuwair ya Kusini, hapa Maskati, jasho linanitoka, nikatoa faili, nikapewa risiti, nimeshashika mlango, mwenyekiti wa kamati ya ruzuku akaniita ndani: "Karibu kahawa, mzee wangu." Kwa Kiswahili! Kumbe mtu wa kwetu Unguja. Nikakaa mbele ya wajumbe na watafiti waliokuwa wakingoja zamu, wengi wao Kiswahili wanakijua, na badala ya kutikisa kikombe baada ya kimoja (ndiyo adabu, ishara kwamba imetosha), nikanywa vitatu, mdomo ukafunguka.

Akaniuliza, "Binti yako si yuko Dakhiliya?"

Nna miaka arubaini Maskati, mkoa huo naujua vizuri. Lakini masikio yalikwishahamia Kiswahili, nikasikia dakhalia, yale mabweni ya skuli zetu. Mtoto wa kaka yangu alale bwenini?

"Hasha! Huyo hajalala dakhalia hata siku moja! Tangu mdogo, kila magharibi yuko kwao Al Amerat, hapa hapa Maskati. Wallahi naapa!"

Mjumbe mmoja akasema, "Basi mindimu anaitafiti sebuleni," ukumbi ukaangua kicheko, na mimi (mjinga wa kutupwa) nikacheka nao.

Mwenyekiti hakucheka. "Mzee, fungu hili ni la mikoa, sharti mtafiti akae huko huko. Fungu la Maskati limeshagaiwa."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikasimama kueleza, dakhalia, Dakhiliya, ulimi ukatatizika, kahawa ikamwagikia kanzu, na kila nikieleza ndivyo wanavyozidi kucheka. Kesho yake Khulud akaenda mwenyewe kujitetea. Wakamjibu, "Ami yako kaapa mbele yetu sote. Tumwite muongo?" Akachukua faili lake akaondoka. Hakutaka niitwe muongo.

Siku hizi nikikaribishwa kahawa hushukuru nikiwa mlangoni, viatu miguuni, nikenda zangu. Ruzuku alipewa mwengine. Khulud aliacha utafiti, anauza magari mtaa wa Wattaya, na mindimu ile imekauka yote.