Mtanzania Alivyomwimbisha Mama Yangu

Niseme wazi: yule Mtanzania nilimwonea wivu, na hadi leo sijapona.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilipokuwa nakaa Schaerbeek, mtaa mmoja wa Brussels, mimi ndiye nilikuwa mtu wa kamera. Vijana wetu wa Kikongo walikuwa wameanza kurap kwa Kifaransa kilichochanganyika na Kilingala na Kiswahili cha Lubumbashi, nami nikawafuata kila walikokwenda: vyumba vya chini vya maghorofa, kiwanja cha mpira wa kikapu, hata ule ukumbi wa parokia ambako padri aliwatimua alipowakuta wanacheza breakdance, wanazunguka kwa kichwa sakafuni. Hakuna aliyenituma. Niliona tu kwamba siku moja mtu angekuja kusimulia hip hop ya Brussels kana kwamba sisi hatukuwepo.

Filamu yangu ilikuwa na kila kitu isipokuwa mwanzo. Nilitaka ianze na sauti ya mama. Alikuwa na wimbo aliopewa na mama yake huko Katanga, wimbo wa kumwita mtoto aache mchezo aje kula, na mimi niliamini rap ya wale vijana ilitoka humo. Basi Jumapili nilikuwa nakwenda kwake Evere, mtaa wa jirani, naweka kamera mezani karibu na sahani ya bukari, ugali wetu, nafunga madirisha, nachomoa waya wa friji isivume, kisha naweka kidole mdomoni kumwonyesha kwamba mimi nimenyamaza, aanze. Mama anaimba mstari mmoja, anakatika.

"Sauti imekauka, papa," ananiambia, maana kwetu mama humwita mwanawe papa. "Tutafanya siku ingine."

Siku ingine ikageuka miaka. Nikajua kamera inamtisha.

Ndipo alipotokea Mtanzania. Alikuja kusomea mambo ya sauti, na alikuwa anatengeneza muziki kwa kompyuta: anachukua nyimbo za wazee, anazikata vipande, anazirudiarudia juu ya besi nzito mpaka ukumbi utikisike. Nilimpeleka mwenyewe kwa mama, tena ili ale ashibe. Akasema shikamoo. Mama akacheka sana, maana kwetu salamu hiyo hatuna, akamwongezea samaki.

Nikashuka kununua mkate. Niliporudi, nikiwa bado kwenye ngazi, nikamsikia mama anaimba, na safari hii hakukatika. Nilisimama nje ya mlango na mkate wangu, moyo unaniwaka. Ndani, friji inavuma, kinasa sauti kiko katikati ya sahani, na Mtanzania anauliza, "Samahani mama, ukiita hivyo, mtu anajibu nini? Nifundishe, please."

"Anaitika, 'Niko nakuya, mama,'" akamfundisha. Wakaanza upya, yeye anaita, mgeni anaitika, wote wawili wamechangamka.

Alipoondoka nilimfuata mama jikoni. "Maman, miye mutoto yako, miaka yote hii! Juu ya nini yeye?"

"Bon, miye ningeimba na nani?" akasema huku anaosha sufuria. "Ile ni wimbo ya kuitikana. Weye ulikuwa unanyamaza tu, unaniangalia kama muntu ya polisi. Yeye aliitika. Donc, niliimba."

Muziki ulipotoka, kila mtu aliusifia, nami nilikataa kuusikiliza. Ningemsamehe kijana yule kama angekuwa hana kipaji, lakini hata faraja hiyo alininyima.

Nilikuja kuusikia kwa lazima, kwenye sherehe ya mchana ya Wakongo pale Schaerbeek, nikiwa nawarekodi wacheza dansi kwa kamera. Mama alikuwa kando yangu, amevaa kitenge cha kanisani. Jukwaani, Mtanzania akabonyeza kompyuta yake, spika zikanguruma, kisha sauti yake ikatoka, inamwita mtoto. Katika wimbo ule kila mama huweka jina la mtoto wake, na yeye alikuwa ameweka langu, lile la nyumbani ambalo mle ndani hakuna mwingine aliyejua ni langu. Mtanzania akaitika. Halafu ukumbi mzima ukaitika, Wakongo, Waturuki, Wabelgiji: niko nakuya, mama.

Wimbo angechukua tu, lakini aitikie hata jina langu! Nikamtazama pale jukwaani, anatabasamu na vipokea sauti vyake masikioni, nikatamani umeme ukatike.

Mama akanivuta kiwiko. "Itika basi, papa. Ni weye!"

Nikafungua kinywa. Taa nyekundu ya kamera ilikuwa inawaka, na kwa mazoea nikakifunga, nisiharibu sauti. Mkanda huo ninao. Ukumbi mzima unaitikia jina langu, na mimi simo.